Dawa za unene na madhara yaliyochelewa kuonekana

Mkazi wa Makanyagio, mjini Mpanda, anayeletewa dawa ya kupunguza unene anastahili kujua zilizotangulia ziliwafanya nini watu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha nchini Ufaransa walishughulika na kemikali iitwayo dinitrofenoli. Walikonda, wakatokwa jasho jingi, baadhi wakafa. Hata hivyo, mwaka 1933 Maurice Tainter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza kuwa inapunguza uzito, na muda si mrefu ikauzwa Marekani hata bila cheti cha daktari. Huulazimisha mwili kuchoma chakula na kukigeuza joto tupu. Ukizidisha, joto linapanda hadi kuua, na dawa ya kulizima haipo. Wanawake vijana walipata mtoto wa jicho. Ilibidi isubiriwe sheria ya Marekani ya chakula na dawa ya 1938 ndipo ikaondolewa sokoni.

Fenfluramini, dawa nyingine ya unene, nayo ikaondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Ndugu yake, benfluoreksi, iliendelea Ufaransa kwa jina la Mediator, tangu 1976 hadi 2009. Ilisajiliwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, lakini wengi waliandikiwa ili wapungue. Aliyeyafichua madhara yake kwa vali za moyo ni Irène Frachon, daktari wa mapafu mjini Brest, aliyekataa kuyapuuza aliyoyaona kwa wagonjwa wake. Mwaka 2021 mahakama ya Paris ikaitia hatiani kampuni ya Servier.

Sibutramini, nayo dawa ya unene, iliondolewa mwaka 2010 kwa hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, lakini imeendelea kukutwa ndani ya chai na vidonge vinavyoitwa vya asili. Hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi, maana mnywaji hajui anakunywa nini.

Sindano za sasa za semaglutidi zimechunguzwa vizuri zaidi. Bado zinatapisha, zinaweza kuleta mawe ya nyongo na uvimbe wa kongosho, na hazimfai mjamzito. Kabla ya kuanza kutumika hutunzwa kwenye friji. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi bandia iliyouzwa kwa jina la Ozempic.

Anayehisi moyo kwenda mbio au tumbo kuuma vikali baada ya kutumia dawa hizi aende hospitali na pakiti mkononi, aombe taarifa ifikishwe TMDA, mamlaka inayosimamia dawa nchini Tanzania.