Kava Zisizo na Asili

Kila inapotajwa historia ya michezo ya video nchini Kenya, simulizi huanzia Nairobi. Huanza mwaka 2007, Wesley Kirinya alipotoa The Adventures of Nyangi, likapitia Ma3Racer na mbio zake za matatu, likafika Nairobi X ya mwaka 2015, kisha likaingia katika studio za leo. Kazi hizo nazienzi, maana zilifanywa na vijana waliojifundisha wenyewe, usiku kwa mchana. Ila simulizi hilo lina mkia: kwamba kabla ya hapo, na hasa huku kwetu magharibi, palikuwa na kunakili tu. Nimelisikia likisemwa jukwaani, watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi ni mtu wa Kitale, na maneno hayo yananichoma.

Kilichonifanya nikae chini niandike ni daftari. Duka moja la sinema mjini Kitale lilipofungwa, mwenye duka alinipa katoni la kava za karatasi za michezo ya video, zile alizokuwa akizibandika ukutani ili mteja achague. Chini kabisa palikuwa na daftari la mistari, mali ya fundi wa Bungoma aliyekuwa akimtengenezea kava hizo na kuzituma kwa matatu. Nilimtafuta fundi huyo, akaniruhusu nilisome, jina lake akaomba libaki lake. Kila ukurasa una safu tatu: mchezo, idadi ya nakala, na maagizo. Hiyo safu ya tatu ndiyo hazina. Hapa panaagizwa jezi ibadilishwe rangi. Pale mwaka usogezwe mbele. Kwingine mchezaji aliyehama timu aondolewe haraka kabla ya Jumamosi. Mahali pamoja mwenye duka anataka mhusika mkuu atiwe hasira usoni, kwa sababu alivyo hamtishi mtu.

Ya zamani nayapita mbio. Santuri nyingi za Kenya ziliuzwa ndani ya bahasha za karatasi zenye tundu katikati, kaseti zikaleta kadi ndogo, kanda za video zikaleta kava kubwa. Miaka ya 1990 zikaingia mashine za bei nafuu za kuchomeka kwenye televisheni, zilizoigwa kutoka Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, na katriji zenye kibandiko cha kuahidi maelfu ya michezo, kumbe ni michache inayojirudia.

Wapo wanaosema mafundi wetu walijifunzia kwenye vibandiko hivyo, na baadaye kwenye dividii za kutoka Uchina zilizokusanya filamu chungu nzima katika sahani moja. Anayesema hivyo hajazitazama. Kava ya dividii ya Uchina ni soko la siku ya mnada: nyuso zimebanana, maandishi yamebanana, jicho halina pa kupumzika. Kava za katoni langu zina uso mmoja, neno moja kubwa, na nafasi. Mkono ulioziumba ulifundishwa kwingine.

Ulifundishwa ukutani. Mtu aliyekulia Kitale au Bungoma anazijua kuta hizo: vichwa vitatu vya kinyozi, kila kimoja na mtindo wake, sahani ya chapati na kikombe kinachofuka mvuke juu ya mlango wa hoteli, gunia la mahindi kwenye kinu cha kusaga. Waandika vibao walikuwa na kanuni zao. Herufi hupewa kivuli upande wa kulia na chini, ili isomeke na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda. Manjano hukaa juu ya nyekundu, na buluu haikai juu ya nyeusi. Uso hutazama mlangoni, kuelekea anakotoka mteja. Nimezipanga kava hizi mezani nikazipima kwa kanuni hizo, na nyingi zinazitii. Kivuli kiko kulia na chini hata pale picha yenyewe inapoangazwa kutoka upande huohuo wa kulia.

Tena kuna suala la wakati. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za usafiri alizozileta Waziri John Michuki zilianza kutekelezwa, matatu zikatakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na michoro iliyokuwa fahari ya magari hayo ikaanza kufifia. Miaka hiyohiyo PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, ilikuwa ikienea katika vibanda vya michezo vya miji yetu. Naamini sehemu ya ustadi uliofukuzwa barabarani ilihamia kwenye kava. Rafiki yangu mmoja mwanahistoria anaona nalazimisha ukoo, kwamba kijana wa saiba na mzee wa brashi hawakujuana. Hoja yake naiheshimu, lakini fundi wa daftari ananiambia alijifunza herufi akimshikia mjomba wake ngazi, na kwamba alipofungua Photoshop kwa mara ya kwanza kitu alichokitafuta kabla ya vyote ni namna ya kuitia herufi kivuli.

Wachoraji wa Ghana waliopaka mabango ya filamu kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga, miaka ya 1980 na 1990, leo kazi zao zinatundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Walichora filamu za watu wengine, nyingine hawajaziona, wakaongeza damu na nyoka palipokosekana. Hakuna anayewaita wanakili. Nawauliza wanaowasifu: tofauti ni brashi?

Sasa nifike kwenye miaka ninayoipenda, na msomaji anisamehe nikikaa hapo.

Sony ilisitisha kutengeneza PlayStation 2 mwishoni mwa mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013. Mchezo wa mwisho wa FIFA kwa mashine hiyo ulikuwa FIFA 14. Wa mwisho wa Pro Evolution Soccer, ambao huku wote tuliuita PES, ulikuwa PES 2014. Baada ya hapo makampuni yalihamia kwenye mashine mpya ambazo kijana wa Chwele au Kiminini hakuweza kuzinunua. Kwenye vibanda vyetu mashine ilikuwa ileile, padi zilezile zilizofutika alama, na watoto walewale waliotaka kuona wachezaji wa msimu huu, si wa mwaka juzi. Mashabiki wa nchi nyingine, Brazil hasa, walikuwa wameshaanza kuufungua mchezo wa zamani wa PES na kubadilisha majina, jezi na vikosi. Bomba Patch yao ni mashuhuri. Michezo ya namna hiyo ilisambaa duniani, ikachomwa kwenye sahani tupu, ikafika madukani kwetu ikiitwa PES 2016, PES 2017, hata FIFA 18, kwa mashine ya PlayStation 2.

Konami, kampuni yenye PES, haikuwahi kutoa PES 2017 kwa mashine hiyo. Basi kava yake ya asili ni ipi?

Hapo ndipo neno "kunakili" linapokosa pa kusimama. Kava ya PES 2017 ya mashine nyingine ilikuwa na wachezaji wa Barcelona, na fundi angeweza kuichukua akaikata. Hakuichukua. Katika katoni langu kuna kava ya PES 2017 yenye Victor Wanyama katika jezi nyeupe ya Tottenham, timu aliyojiunga nayo katikati ya mwaka 2016. Amesimama peke yake, kifua mbele, na jina la mchezo limekaa chini yake kama jina la hoteli. Daftari linaonyesha agizo lilikuwa fupi: mchezaji wetu. Waliotengeneza mchezo huo rasmi hawakumweka Mkenya juu ya kava. Bungoma ilimweka.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubofya mara mbili. Kava ya kasha la dividii ina urefu wa milimita 273 na kimo cha milimita 183 hivi, kwa hiyo inaingia kwenye karatasi ya A4 na kubakiza ukingo wa kukatwa kwa wembe na rula. Taabu ilikuwa picha. Iliyopakuliwa saiba mara nyingi ilikuwa na upana wa pikseli 300; ukiitandaza kwenye uso wa mbele wa sentimita 13, inabaki na nukta kama 59 kwa kila inchi, na uso wa mtu unageuka matofali. Dawa ya fundi ilikuwa kutolazimisha. Uso aliupunguza, nyuma yake akatia moshi au miale ya taa za uwanjani, vitu ambavyo ukungu wake hauonekani kuwa kasoro. Picha za gazetini zilikuwa kubwa zaidi, lakini skana ilizisoma pamoja na vitone vya wino, ikazaa mawimbi juu ya shavu. Alilaza ukurasa kwa mshazari kidogo, akaskani, akainyoosha picha kwenye kompyuta, akailainisha mpaka mawimbi yakazama, kisha akachora upya mboni na mstari wa midomo, maana hivyo viwili vikilegea uso mzima hufa.

Printa nazo zilikuwa na tabia zake. Wino wa bei nafuu ukiachwa dirishani hupoteza uwekundu na umanjano kwanza, na baada ya miezi kadhaa timu zote huwa za buluu. Kwa hiyo kava za dukani upande wa jua zilichapishwa nyekundu kupita kiasi makusudi, na katika daftari zimewekewa alama ya duara. Nilipozikuta katonini nilidhani ni makosa.

Kisha sahani yenyewe ikatoweka. Programu ya Open PS2 Loader iliwezesha michezo kukaa kwenye flashi au diski kuu, na mwenye kibanda akachagua kutoka kwenye orodha. Orodha ya majina peke yake haikumfaa mtoto asiyejua kusoma Kiingereza, kwa hiyo picha ikarudi kupitia mlango mwingine: programu hiyo hutafuta kava ndani ya folda iitwayo ART, na jina la faili lazima lifuate namba ya mchezo. GTA San Andreas ya Marekani ni SLUS_209.46, ikifuatwa na COV. Ukikosea nukta moja, picha haitokei. Ukubwa wake ni pikseli 140 kwa 200 tu. Fundi aliyezoea A4 alilazimika kufuta maneno yote, kukuza jicho, kuacha rangi mbili. Kwenye simu, programu ya kuchezea michezo ya PSP iitwayo PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, ikataka picha iliyolala, 144 kwa 80, na uso uliokuwa wima ukakatwa paji na kidevu. Kuhusu kipindi hiki cha simu wengine wataandika vizuri kuliko mimi.

Sheria? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na ile ya Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 ziko wazi, na sahani zilizochomwa bila idhini zilikuwa kinyume chake. Sitetei sahani. Lakini msako unapopita na kuchoma kila kitu, unachoma pia kitu ambacho hakikuibwa popote: Wanyama yule wa jezi nyeupe, moshi ule, herufi zile zenye kivuli. Makumbusho ya Kitale yalitokana na Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanza mwaka 1926 na mkusanyiko wake mwenyewe, wadudu na vitabu vikiwamo, vitu ambavyo wengi wangevipita. Milango yake kama makumbusho ya taifa ilifunguliwa mwaka 1974. Karatasi hizi zinastahili droo moja humo, na nitaziomba.

Kabla ya kuzipeleka, nilimpelekea fundi kava ya Wanyama. Sasa anachapisha kadi za harusi na matanga karibu na Kanduyi, na hakuwa ameiona kava hiyo tangu alipoituma. Aliitoa kwenye nailoni, akaigeuza dirishani, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole shingoni. Taa ya uso inatoka kushoto, akaniambia, ya jezi inatoka kulia. Kichwa ni cha picha moja na kiwiliwili ni cha nyingine, na yeye alisahau kukigeuza kivuli. Akaniuliza kama faili lake bado liko, hata kwenye diski iliyoharibika, alirekebishe.