Jembe Kwanza, Ngoma Baadaye

Oktoba 1967 Rais wa nchi alitoka nyumbani kwake Butiama kwa miguu, akaishika njia ya Bunda kuelekea Mwanza. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 200, na mwisho wake ulikuwa mkutano mkuu wa TANU, chama tawala. Magari yalikuwepo. Julius Nyerere alitembea kwa sababu vijana walikuwa wamemtangulia. Tangu Azimio la Arusha, tamko la ujamaa, litangazwe Februari mwaka huo, makundi ya vijana yalikuwa yakikata mbuga na milima kuliunga mkono, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifia njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam.

Matembezi yale husimuliwa kama habari ya siasa, na siasa ilikuwamo kweli. Lakini ukiyatazama ukiwa upande wa Mara, mkoa wa Butiama, unaona jambo la zamani kuliko TANU: kundi linatoa nguvu zake bure, vijiji vinalipokea kwa vigelegele na chakula, na hakuna anayeuliza kazi imeishia wapi na sherehe imeanzia wapi. Katika mkoa huu mambo hayo mawili yalikwenda pamoja miaka mingi. Kila mara mtu alipojaribu kuyatenganisha, kazi iligeuka amri na sherehe ikageuka mchango.

Kazi hiyo ya pamoja Waluo wa Rorya huiita saga, Wakurya wa Tarime risaga. Mwenye shamba alipika pombe ya nafaka siku kadhaa kabla, akawapelekea majirani habari, na siku ya siku watu walifika alfajiri, kila mmoja na jembe lake begani. Ujira haukuwepo. Jua lilipokuwa kali majembe yaliwekwa chini, vyungu vikatolewa kivulini, na kama ukoo ulikuwa na fundi wa litungu basi nyuzi zake zilisikika hadi jioni. Deni lililobaki lilikuwa la mkono: kesho zamu ya shamba la mwingine. Aliyekuja kunywa tu bila kushika mpini alijulikana kijiji kizima, na sifa hiyo ilimtosha kuwa adhabu.

Upande wa Bunda, ambako Wasukuma wamechanganyika na Waikizu, Wajita na wengine, mambo yalikuwa na mpangilio zaidi. Kwa desturi ya Kisukuma vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemchagua wenyewe. Mtu mwenye shamba kubwa au nyumba ya kuezeka alipeleka ombi kwake, si kwa mzee yeyote, na malipo yalikuwa ng'ombe au mbuzi wa kuliwa na wote. Aliyekwepa kazi bila sababu alitozwa faini. Aliyezoea kukwepa alitengwa, na siku ya msiba wake alijua maana yake.

Wale vijana hawakulima kimya. Bugobogobo, ngoma ambayo leo Watanzania wengi wanaijua kutoka majukwaani, ilizaliwa shambani. Safu moja ndefu, ngoma kubwa ikiunguruma karibu nao, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Fundi hulirusha jembe hewani, likazunguka, akalidaka mpini na kulishusha ardhini bila kuukosa mdundo. Anayechelewa haaibiki peke yake, anaaibisha safu nzima, maana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu karne ya 19, vilikuwa tayari kumtungia wimbo. Ekari iliisha kabla mlimaji hajakumbuka kuchoka. Anayetazama bugobogobo kwenye ukumbi wa hoteli anaona ustadi wote huo, ila shamba halipo.

Wakurya na jirani zao walikuwa pia na rika. Vijana waliotahiriwa msimu mmoja walikuwa kundi moja maisha yao yote, wakasaidiana katika kazi na katika mahari. Sherehe ya kuwaingiza ilikuwa kubwa kuliko zote, na jambo hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote katika historia hii.

Shule na misheni zilileta aina nyingine ya vikundi. Skauti iliingia Tanganyika mwaka 1917. Mwaka 1934 Nyerere, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki, aliandikishwa Mwisenge, shule ya bweni mjini Musoma, na huko watoto wa makabila ambayo huenda wasingekutana shambani walijikuta wakifagia uwanja mmoja na kupanga foleni moja. Skafu ya skauti haikuuliza ukoo. Mpaka leo, mgeni rasmi akifika kwenye shughuli yoyote ya wilaya, mtoto hutoka mstarini kumvika skafu, na wengi wanaopiga makofi hawajui kwamba skauti ina umri mkubwa kuliko taifa.

Kisha wakaja Vijana wa TANU. Kabla ya uhuru kazi yao ilikuwa kulinda mikutano, kuimba na kupeleka habari kijiji hadi kijiji, na hawakulipwa. Baada ya 1961 kauli ilikuwa Uhuru na Kazi: barabara, zahanati na madarasa vilijengwa kwa kujitolea nchi nzima, nguvu zikitoka kwa wananchi na vifaa vikitoka serikalini, pale vilipopatikana. Kwa mtu wa Mara hapakuwa na jipya la kufundishwa hapo, kwa kuwa risaga ilikuwa imepewa bendera tu.

Mabadiliko yalianza pale serikali ilipotaka kuhakikisha kwamba watu wanajitolea. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) liliundwa Julai 1963, na mwanzoni vijana walijiunga kwa hiari. Mwaka 1966 likawa la lazima kwa wasomi. Oktoba 22 mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti yake, na Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, akawaambia warudi makwao. Siku hiyo hiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi kumi na miwili baadaye ndiye huyo aliyekuwa barabarani kwa miguu, akiwaonyesha wasomi na viongozi kwamba yeye yuko tayari. Nadhani matembezi ya 1967 yalikuwa, kwa sehemu, jibu kwa wale wanafunzi. JKT yenyewe ilibaki, na kambi ya Rwamkoma, wilayani Butiama, inapokea vijana hadi sasa.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto aliyefika umri awe shuleni ifikapo mwishoni mwa 1977, na likataka aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, kisha apate barua nzuri kutoka kazini na kutoka kwenye chama. Lengo la kwanza lilihitaji walimu wasiokuwepo, kwa hiyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kwa haraka wakapewa chaki. Walimu hao wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walichekwa sana baadaye. Naona walionewa: waliitwa wakiwa na miaka 17 au 18, wakafundisha wakiwa kwao vijijini kwa posho ndogo, na watu wazima wengi wa leo wanajua kusoma kwa sababu yao. Lengo la pili, lile la barua, lilileta mtihani mwingine. Moyo wa kujitolea ukishaandikwa kwenye barua ya tawi la chama, kijana hujifunza kumpendeza katibu wa tawi.

Mwaka mmoja kabla ya Azimio hilo palikuwa na mfano bora. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki kumi na mbili. Watu walikaa chini ya mti, kipindi kikaisha, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Kikundi kilikuwa na shughuli, kilikuwa na siku yake, na kilikuwa na soga. Kilichofanya kampeni ile isambae ni hizo soga kuliko hotuba.

Mwenge wa Uhuru una hadithi ndefu kuliko nafasi hii. Uliwashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, ukaanza kukimbizwa mikoani mwaka 1964, na mwaka 1993 ulihamishwa kutoka chama kwenda serikalini. Katika wilaya, Mwenge maana yake ni wiki kadhaa za mazoezi ya halaiki, watoto wakifundishwa kugeuza vibao kwa filimbi moja hadi maandishi yasomeke kutoka jukwaa kuu. Ni kituo cha afya kinachokamilishwa usiku ili kizinduliwe asubuhi. Na ni mkesha wenye muziki hadi kunakucha, ambao vijana wanaupenda waziwazi. Lakini pia ni karatasi ya mchango inayozungushwa ofisini na madukani, na mwalimu asiyeuliza ni hiari au ni lazima, kwa kuwa jibu analijua.

Hata hivyo kujitolea kwenyewe hakukufa. Ukienda Musoma Vijijini, kwenye peninsula zinazoingia ziwani, utakuta sekondari za kata zilizoanzia kwenye lundo la mawe. Wanakijiji husomba mawe, mchanga na maji, wanawake wakiwa na ndoo na vijana wakiwa na nyundo za kuvunjia kokoto. Mbunge, halmashauri na wafadhili huongeza saruji, nondo na mabati. Harambee inapoitishwa, ngoma haikosekani. Siku ya kusomba bila ngoma ni msaragambo, kazi ya amri ya mtendaji wa kijiji, na idadi ya watu wanaofika hupungua. Hilo halihitaji mtafiti.

Nyerere alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama Oktoba 23. Tangu hapo tarehe 14 imekuwa siku ya mapumziko, na Mwitongo, kilima lilipo kaburi lake, pamekuwa mahali pa hija. Mwaka 2019, miaka ishirini baada ya kifo chake, waendesha baiskeli wa Dar es Salaam walianzisha msafara wa Twende Butiama: zaidi ya kilomita 1,000 juu ya tandiko, kufika kwa Nyerere siku ya kumbukumbu yake. Njiani hupanda miti, huandaa kambi za upimaji wa afya, hugawa madawati na baiskeli kwa wanafunzi wanaotembea mbali. Washiriki ni watu wenye ajira zao, wanaochukua likizo kwenda kuungua jua. Jezi zina nembo za wadhamini, kampuni ya simu ikiwa mbele, na wapo wanaonung'unika kwamba kumbukumbu ya mjamaa imekuwa tangazo. Sinung'uniki nao sana. Aliyekanyaga pedali kutoka pwani hadi Butiama amelipa kwa miguu yake, na tangu 1967 njia ya Butiama imekuwa ikiwapima watu hivyo hivyo.

Turudi kwenye rika. Kwa baadhi ya makabila ya Mara msimu wa tohara, Novemba na Desemba, uliwahusu wasichana pia. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sherehe ilikuwa na nguvu kuliko sheria: zawadi, nyimbo, heshima ya mama, mahari ya baba. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Hapa wanaojitolea hawaendi kuchangamsha sherehe ya jamii. Wanakwenda kuizuia, na hapo ndipo majirani wanapoacha kuwasalimia.

Nyumba salama zimefunguliwa mjini Mugumu na wilayani Butiama. Wasichana hukimbilia huko msimu unapoanza, wengine usiku, wengine peku. Tatizo la kwanza lilikuwa njia. Vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote, na gari la uokoaji lilizunguka gizani likiulizia. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Crowd2Map: watu wa kujitolea katika nchi nyingi, wasiowahi kukanyaga Mara, walikaa mbele ya kompyuta wakachora mapaa na vijia kutoka kwenye picha za setilaiti. Paa lilionekana, jina halikuonekana. Majina yaliongezwa na vijana wa huku waliotembea na simu mkononi: shule, kisima, duka, kanisa, kitongoji fulani.

Masanga, wilayani Tarime, kituo cha watawa kilikwenda hatua moja zaidi. Hakikutosheka kuwaficha wasichana hadi msimu uishe. Kiliwaandalia mafunzo, na mwishoni mahafali yenye maandamano, nyimbo na vyeti, ili wavuke kwenda utu uzima wakishangiliwa kama dada zao walivyoshangiliwa, bila wembe. Wazazi hualikwa. Baadhi huja na kucheza pamoja na binti zao. Wengine hawaji, na mabinti zao hubaki kituoni baada ya wenzao kuondoka, hadi wasuluhishi wapeleke maneno nyumbani na kurudi na jibu.