Sifnos, kisiwa kilichogawanya feza yake

Tukifika Agios Sostis, katika kisiwa cha Sifnos huko Ugiriki, tunaona mashimo ndani ya mwamba, karibu kabisa na bahari. Watu walichimba feza hapo tangu zaidi ya miaka 2000 mbele ya Kristo. Njia za ndani ni nyembamba na za chini. Mchimbaji alipaswa kuinama na kutambaa.

Herodotus anaandika kwamba watu wa Sifnos walipita visiwa vingine vyote kwa utajiri. Kila mwaka waligawanya mapato ya machimbo kati yao. Kwa fungu la kumi walijenga nyumba ya hazina ya marmari huko Delphi, kwa mungu wao Apollo, yapata mwaka 525 mbele ya Kristo. Ndipo watu wa Samos walikuja na merikebu, wakaomba talanta 10. Walipokataliwa, waliharibu nchi, wakaondoka na talanta 100.

Pausanias, aliyeandika karibu miaka 700 nyuma ya hayo, anasema tamaa iliwafanya waache kutoa fungu hilo, na bahari ikafunika machimbo.

Sisi hatumwogopi Apollo. Lakini tunajua mwamba si shamba: ukivunwa, hauoti tena. Feza iliyogawanywa ililiwa ikaisha. Mawe yaliyochongwa ya nyumba ile yangali Delphi mpaka leo.

Basi sisi tunaoishi karibu na machimbo tujiulize: siku shimo litakapokauka, watoto wetu watakuta nini kimejengwa?