Mita za Rafu, Petabaiti na Wasomaji: Historia ya Kupima Makusanyo ya Maandishi Arusha

Kazi ya kupima maktaba, yaani kutathmini ukubwa wa mkusanyiko wake, thamani yake na namna unavyotumiwa, ilifika katika maeneo yanayouzunguka Mlima Meru pamoja na vitabu vyenyewe, na tangu mwanzo kipimo kilichaguliwa kwa kumwangalia zaidi anayepelekewa taarifa kuliko anayeketi kusoma. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948, lilisambaza vitabu kwa masanduku na kwa posta, na kilichohesabika kwa urahisi ni masanduku yaliyotoka na vitabu vilivyorudi. Taarifa ya S. W. Hockey ya mwaka 1960 ndiyo iliyofungua njia ya sheria ya mwaka 1963, iliyounda shirika la huduma za maktaba la Tanganyika, ambalo kwa sheria ya mwaka 1975 lilikuja kuwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Chini ya mfumo huo Arusha nayo ikapata maktaba yake ya mkoa.

Katika maktaba za aina hiyo chombo cha kupimia kilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya jalada, ambacho mkutubi alikigonga muhuri wa tarehe kila kitabu kilipoazimwa, kiasi kwamba kitabu chenye safu ndefu ya mihuri kilionekana kuwa na faida na kisichokuwa nayo kilisubiri kuondolewa rafuni. Muhuri huo, hata hivyo, haukumwona mwanafunzi aliyekisoma kitabu mezani na kukirudisha mahali pake, wala yule aliyeingia na daftari lake akitafuta kiti, meza na utulivu tu, ilhali watumiaji wa namna hiyo ndio waliojaa, na bado wanajaa, katika maktaba nyingi za umma nchini.

Vyuo vilipoanza kununua majarida ya kidijiti, muhuri ulibadilishwa na kumbukumbu ya seva. Mradi wa kimataifa wa COUNTER, ambao kanuni zake za kwanza zilianza kutumika mwaka 2003, uliwataka wachapishaji wahesabu upakuaji kwa namna moja: mtu akibofya kiungo kilekile mara mbili ndani ya sekunde 30 ahesabiwe mara moja, na ziara za roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe, ziondolewe. Kanuni hizo zimewasaidia wakutubi kujua jarida lipi linalipiwa bure, lakini zilitungwa kwa kumfikiria msomaji mwenye kompyuta yake na mtandao usiokatika. Katika chuo cha Kitanzania, kama vile Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, mwanafunzi mmoja anaweza kupakua makala na kuwagawia wenzake kwa flashi au kwa WhatsApp. Darasa zima likasoma, na seva ikaandika moja.

Mkusanyiko ulioleta suala la vipimo Arusha kwa uzito mkubwa zaidi ulitokana na mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa kwa Azimio namba 955 la Baraza la Usalama la tarehe 8 Novemba 1994, ikapangiwa Arusha mwaka uliofuata, na ikafanya kazi katika kituo cha mikutano cha AICC, jengo lililokusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kabla haijavunjika mwaka 1977. Hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015 ilikuwa imewashtaki watu 93, na kila siku ya usikilizaji ilizaa maandishi ya mwenendo wa shauri kwa Kiingereza na Kifaransa, vielelezo, na kanda za sauti na video ambamo Kinyarwanda cha mashahidi kinasikika.

Urithi huo ulikabidhiwa taasisi ya kumalizia mashauri ya mahakama hiyo na ya ile ya Yugoslavia ya zamani, ijulikanayo kwa kifupi kama IRMCT, ambayo majengo yake ya Lakilaki, nje kidogo ya jiji, yalifunguliwa tarehe 25 Novemba 2016. Taarifa zake hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni mita za rafu, yaani urefu wa majalada yote yakipangwa kwa mstari mmoja. Cha pili ni petabaiti, ambayo ni sawa na gigabaiti milioni moja. Matawi ya Arusha na The Hague kwa pamoja yametajwa kuwa na zaidi ya mita 4,400 na takriban petabaiti 3.

Tarakimu hizo zinatisha kuliko zinavyoeleza. Saa moja ya video huchukua nafasi kubwa kuliko maelfu ya kurasa za hukumu, hivyo wingi wa baiti hupima uzito wa kanda kuliko wingi wa maarifa. Isitoshe, sehemu ya ushahidi ilitolewa faraghani ili kuwalinda mashahidi, na kanda ya namna hiyo haiwezi kufunguliwa kwa umma kabla ya kusikilizwa na kuondolewa kila jina au sauti inayoweza kumfichua mtu. Kwa hiyo kilichohifadhiwa ni kikubwa kuliko kinachosomeka, na hata kinachosomeka kupitia hifadhidata ya pamoja ya kumbukumbu za mahakama, iliyofunguliwa mwaka 2020, humtaka msomaji awe na lugha na mtandao.

Mahakama yenyewe iliutambua mapema umbali huo kati ya hifadhi na msomaji, ikafungua mwaka 2000 kituo cha habari mjini Kigali kiitwacho Umusanzu mu Bwiyunge, yaani mchango katika maridhiano, ambako watu waliingia kusoma na kutazama, na idadi yao ikaripotiwa kwa watu waliopita mlangoni. Kipimo hicho kilikuwa cha kizamani, ila kilikuwa karibu zaidi na msomaji kuliko petabaiti.

Suala hilo sasa limetoka mikononi mwa wakutubi na kuingia katika mjadala wa mahali nyaraka zitakapowekwa. Kifungu cha 27 cha hati ya IRMCT kinaziacha nyaraka kuwa mali ya Umoja wa Mataifa na kuzitaka ziwe pamoja na matawi yake, wakati Rwanda imeomba mara kwa mara zihamishiwe kwake. Na Azimio namba 2740 la Juni 2024 lilimwagiza Katibu Mkuu aandae taarifa kuhusu mahali zinapoweza kuwekwa, pamoja na upande wa utawala na gharama. Gharama za rafu, ubaridi wa vyumba na seva zinajumlishika kwa dola, ilhali kwa mzazi wa Kigali anayetaka kujua shahidi alisema nini juu ya kijiji chake bado hakuna safu katika jedwali.