Mkana Mungu na Swali la Ushahidi

Mwaka jana tuliletewa ofisini kurasa za tafsiri ya kitabu kimoja cha historia ya fikra za Ulaya, tuzipitie kabla hazijapelekwa mtamboni. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Walakini katika ukurasa mmoja mfasiri alimtaja Thomas Henry Huxley, mwanasayansi wa Uingereza wa karne ya 19, kuwa ni "kafiri aliyemkana Mungu", na mistari michache mbele akamwita "mtu asiye na imani". Tulimwandikia kumwuliza. Alitujibu kwa adabu kwamba amepekua kamusi zote alizo nazo, na hakukuta neno jingine. Hatukuweza kumlaumu. Lawama, kama ipo, yatuangukia sisi tuliokabidhiwa kazi ya istilahi.

Tuanze na hilo la "asiye na imani", kwa kuwa madhara yake yamejificha. Neno imani katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Ya kwanza ni itikadi, yaani kule kusadiki. Ya pili ni huruma. Mwenye nyumba akimtoa mjane nje usiku wa mvua, majirani husema hana imani. Wala hawasemi lolote juu ya sala zake, maana huenda ndiye wa kwanza kufika msikitini au kanisani. Basi mfasiri aliyeandika kwamba Huxley hakuwa na imani amemwambia msomaji, bila kukusudia, kwamba Huxley alikuwa katili. Mwanafunzi wa kidato cha nne atasoma hivyo, naye atakuwa amesoma Kiswahili sawasawa.

Kafiri nalo lina historia yake. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufunika. Kafiri ni yule aliyeufunika ukweli. Ni neno la ndani ya dini, latoka kinywani mwa Mwislamu likimlenga asiyekuwa Mwislamu, na kwa hiyo humwingiza hata Mkristo anayesali asubuhi na jioni. Kupitia kwa Wareno neno hilo lilifika kusini mwa bara letu, na huko likageuka kuwa tusi la kibaguzi. Wanazuoni wa Kiislamu wanalo neno jingine lililo karibu zaidi na jambo tunalolitafuta, nalo ni mulhidi, kutoka katika mzizi wenye maana ya kwenda upande, kuacha njia iliyonyoka. (Mzizi huo huo ndio unaowapa Waarabu jina la ule ubavu wa kaburi unaochimbwa kando, ambao sisi twauita mwanandani.) Ama zindiki, lililokuwa neno la kutisha katika Baghdad wakati wa Khalifa al-Mahdi, aliyetawala kutoka mwaka 775 hadi 785 na kuwaandama watu walioitwa hivyo, lilipofika kwetu lilipoa: mzandiki leo ni mnafiki tu.

Msomaji ataona kwamba maneno yote haya yametungwa na upande mmoja. Si ajabu, wala si kasoro ya Kiarabu au ya Kiswahili peke yake. Wayunani walikuwa na neno atheos, asiye na mungu, na katika karne ya pili B.K. walioitwa hivyo katika dola ya Rumi walikuwa Wakristo, kwa kuwa walikataa kutoa sadaka kwa miungu ya dola. Justino, aliyeandika utetezi wa Wakristo mnamo mwaka 155, ilimlazimu kuijibu shutuma hiyo, na alikiri kwamba kwa habari ya miungu ya namna ile, kweli wao ni watu wasio na mungu. Neno lilikuwa jina la kumpa jirani, si jina la kujiita.

Hali hiyo ilibadilika polepole sana. Mwaka 1869 ilianzishwa London jumuiya ndogo ya mazungumzo iliyoitwa Metaphysical Society, ambamo maaskofu, wanasayansi, wanasheria na washairi walikutana kusomeana makala na kubishana juu ya Mungu, roho na maarifa. Henry Manning, Askofu Mkuu wa Wakatoliki, alikuwamo, Huxley alikuwamo. Huxley alieleza baadaye kwamba aliona kila mwenzake ana jina lake isipokuwa yeye, mithili ya mtu asiye na nguo kati ya waliovaa. Akajitungia: agnostiki. Alilichukua kutoka Kiyunani, akiwapinga kwa makusudi wale waliojiita wenye maarifa katika historia ya kanisa. Maana aliyolipa si kwamba hakuna Mungu. Ni kwamba mtu asidai kuwa na hakika juu ya jambo ambalo hawezi kulitolea uthibitisho. Na sharti hilo, kwa maoni yake, lawabana wanaokana kama linavyowabana wanaokiri. Basi kusema Huxley "alimkana Mungu" ni kumsingizia neno ambalo alijitahidi nusu ya maisha yake kulikwepa.

Na hapa tusimame kidogo kwenye kitenzi chenyewe. Kukana katika Kiswahili ni kukataa jambo ambalo wenzako wanaamini unalijua. Petro alimkana Bwana wake. Mtoto mwovu humkana mzazi. Neno limebeba usaliti ndani yake. Mahakamani tu ndiko lilikopumzika: mshtakiwa akikana shtaka hajafanya kosa la pili, bali ameuambia upande wa mashtaka ulete ushahidi.

Ushahidi. Neno hili nalo lina jamaa wengi: shahidi wa kesi, shahidi aliyeuawa kwa ajili ya dini yake, shahada ya Mwislamu, na shahada ya Chuo Kikuu inayotundikwa ukutani. Wote wanatoka kwa mtu aliyekuwapo akaona, naye akasema. Huko Uingereza kufungamana huku kwa ushahidi na dini kulikuwa na matokeo mazito. Kabla ya mwaka 1869, mtu aliyesema wazi kwamba haamini Mungu hakuweza kutoa ushahidi mahakamani, maana kiapo ndicho kilichoufanya ushahidi upokewe, na kiapo chake kilihesabiwa si kitu. Aliyeibiwa mbele ya macho yake alikuwa kama kipofu. Sheria za mwaka 1869 na 1870 ziliwaruhusu watu hao kutoa tamko la dhati badala ya kuapa. Bungeni mambo yalichelewa zaidi. Charles Bradlaugh, aliyechaguliwa Northampton mwaka 1880, aliomba kutoa tamko badala ya kiapo, akakataliwa. Alipokubali kuapa, akakataliwa tena. Akalazwa kizuizini katika mnara wa saa wa Bunge. Wapiga kura wakamrudisha mara kwa mara hadi alipokubaliwa kuapa na kuketi mwaka 1886. Sheria ya Viapo ya mwaka 1888, aliyoipigania mwenyewe, ndiyo iliyomaliza ugomvi.

Katika jumuiya ile ya London walikuwamo pia watu wawili ambao wafasiri wetu hawana budi kuwajua. Mmoja ni William Clifford, mwanahisabati. Mwaka 1877 alichapisha makala juu ya maadili ya kuamini, na mfano wake ulikuwa wa mwenye meli aliyejua chombo chake ni kikuukuu, akajituliza moyo kwamba kimevuka salama mara nyingi, akakiachia kiende na abiria. Kwa Clifford mtu huyo ana hatia hata kama meli ingefika, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. William James wa Marekani alimjibu mwaka 1896: yako mambo ambayo hayangoji, na asiyeamua amekwisha kuamua. Sisi hatukukaa hapa kuwaamulia.

Wa pili ni James Fitzjames Stephen, na huyu anatuhusu kwa karibu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1875 aliisomea jumuiya hiyo makala juu ya uthibitisho wa miujiza. Miaka mitatu kabla yake, akiwa mjumbe wa sheria katika serikali ya India, ndiye aliyeandika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Na sheria hiyo ilivushwa bahari ikatumika katika mahakama za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, hadi Kenya ilipotunga yake mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967. Katika fasili zake Stephen hakuweka hali mbili, aliweka tatu. Jambo limethibitika pale mahakama inapoamini kwamba lipo, au inapoona kuwapo kwake kuna uwezekano mkubwa kiasi cha mtu mwenye busara kulitegemea. Limekanushika pale mahakama inapoamini kwamba halipo. Na halikuthibitika pale ambapo si hili wala si lile. Sheria ya Kenya imezihifadhi hali zote tatu.

Kila karani wa mahakama anaijua tofauti ya "imekanushika" na "haikuthibitika". Mbona basi tukitoka mahakamani na kuingia katika mazungumzo ya dini tunaisahau, na kila ambaye jambo halikumthibitikia tunamwita mkanaji?

Wala tusidhani kwamba jambo hili limeletwa na Waingereza. Kanuni ya kadhi ni ya kale: mdai alete bayana, naye anayekana aape. Bayana hapo ni ushahidi ulio wazi. Na ni neno hilo hilo ambalo watafsiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 walilichagua katika Waebrania 11:1, wanapoeleza imani ni kitu gani kwa habari ya mambo yasiyoonekana. Twawasifu kwa uteuzi huo. Lakini mfasiri na aone lililotokea: kwa kadhi bayana hutangulia na hukumu ikafuata; katika Waebrania imani yenyewe ndiyo bayana. Mtu anayesema "nipe bayana nami nitaamini", na mtu anayesema "kuamini kwangu ndiyo bayana", watatumia neno moja usiku kucha bila kukutana.

Kwamba haya si ya vitabuni tu, takwimu zaonyesha. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 755,750 katika safu moja iliyowaweka pamoja wasio na dini na wasioamini Mungu. Bibi anayemwomba Mungu wake chini ya mti bila kujiandikisha popote, na mwalimu wa fizikia anayeshikilia kwamba hakuna Mungu, wanaweza kujikuta wameketi kiti kimoja. Hesabu ikishachapishwa, hakuna awezaye kuwatenganisha tena.

Kwa hiyo rasimu yetu ni hii. Mkana Mungu abaki, lakini kwa yule tu anayeshikilia kwamba Mungu hayupo. Asiyeamini Mungu awe yule ambaye hana itikadi hiyo, bila kumtwisha madai zaidi. Asiye na dini atengwe na hao wawili. Kafiri liachwe katika matini za dini ambamo ndimo mwake, na "asiye na imani" liepukwe kabisa, kwa sababu tuliyoieleza. Ushahidi utumike kwa maneno ya mashahidi na vielelezo. Kwa lile linalokata shauri tumependelea uthibitisho kuliko ithibati, ambalo ofisi za elimu zimekwisha lichukua kwa kazi nyingine.

Kwa jina la Huxley kadi yetu ingali tupu. Mwenye shaka tumelikataa, maana shaka ni kuyumba, na Huxley hakuyumba. Agnostiki lafaa kwa muda, ila halimwambii kitu asiyejua Kiyunani. Mjumbe mmoja alipendekeza "asiyethibitikiwa". Wenzake walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, na pendekezo likaandikwa kwa penseli. Wasomaji walio na neno zuri zaidi, hasa wakalimani wa mahakamani, twaomba watuandikie kabla ya kikao kijacho cha Kamati.