Njombe: Safari ya kupata ARV zinazovumilika mwilini

KWA mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi (VVU) mkoani Njombe, kupata dawa ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni mwili kuikubali. Dawa za kufubaza virusi (ARV) humezwa kila siku, maisha yote, na isiyovumilika huishia kabatini.

Suala hilo lina uzito wa pekee Njombe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kuwa asilimia 14.8 ya wakazi wake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na maambukizi. Ule wa mwaka 2022/23, uliohusisha watu wa miaka 15 na zaidi, ulipata asilimia 12.7, wakati kiwango cha kitaifa kilikuwa asilimia 4.4.

Serikali ilipoanza kutoa ARV bila malipo mwaka 2004, wagonjwa wengi walianzishiwa mchanganyiko wenye stavudini. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini kwa baadhi yao ilileta ganzi na maumivu ya miguu, na kunyonyoa mafuta ya mashavuni hadi ugonjwa ukasomeka usoni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri iondolewe hatua kwa hatua.

Mbadala nao haukukosa maudhi. Zidovudini huweza kupunguza damu, na nevirapini kusababisha vipele vikali au kudhuru ini. Efavirenzi, inayomezwa usiku, huleta kizunguzungu na ndoto za kutisha. Katika mji wa Makambako, ambako barabara ya Songea huungana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kizunguzungu si jambo dogo kwa dereva wa lori anayesafiri usiku.

Dozi moja haiwaathiri watu wote sawasawa. Baadhi ya watu, wakiwamo Waafrika wengi, wana vinasaba vinavyolifanya ini livunje efavirenzi polepole, hivyo dawa hujaa katika damu na maudhi kuongezeka.

Mwaka 2019 Tanzania ilianza kutumia kidonge kimoja cha kila siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kwa wengi huvumilika vizuri zaidi, ingawa huweza kuongeza uzito au kusumbua usingizi. Anayekosa usingizi huweza kushauriwa kukimeza asubuhi.

Mgonjwa hana budi kutaja dawa nyingine anazotumia. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, hivyo dolutegraviri humezwa saa mbili kabla yake au saa sita baadaye. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huongezewa dozi ya dolutegraviri, ikawa mara mbili kwa siku.

Hatari kubwa ni kuacha dawa kimyakimya. Virusi huongezeka upya, na huweza kujenga usugu unaofanya dawa zilizobaki zishindwe kufanya kazi. Kichefuchefu au kichwa kuuma katika wiki za mwanzo mara nyingi hupungua. Vipele vyenye homa au vidonda mdomoni, macho ya manjano na kuhema kwa shida huhitaji kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kubadilishiwa dawa ni sehemu ya tiba. Uamuzi huo hufanywa na mtaalamu katika kituo cha tiba na matunzo, lakini huanza na mgonjwa kusema kinachomsumbua.