Chungu cha makande, chungu cha mtori: ubishi wa Same na Moshi

Ukitaka kumchokoza Mpare, mwambie makande ni chakula cha bweni. Ukitaka kumchokoza Mchagga, mwambie mtori ni uji wa mzazi. Watani hawa wanarushiana maneno hayo stendi, misibani na kwenye vikao vya harusi, na kwa kuwa wameoana sana, ubishi umeingia hadi jikoni. Mume anataka mahindi na maharage. Mke anamjibu kwamba hayo akale kwa mama yake kule Suji, Upareni, hapa ndizi mshare zimeshamenywa.

Kila upande unaapa kwamba chungu chake ndicho cha mababu. Ukifuatilia historia, kiapo hicho kinaanza kuyumba pande zote mbili.

Tuanze na makande. Asili ya mahindi ni Mexico, na maharage tunayoyajua nayo ni ya bara la Amerika. Wareno walifungua njia ya mahindi kufika pwani yetu kuanzia karne ya 16, lakini bara yalikawia, na sehemu nyingi yalishika nguvu karne ya 19. Kabla ya hapo milima hii iliishi kwa mtama, ulezi, kunde, magimbi, viazi vikuu na ndizi. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, aliandika jinsi Wasuya walivyowapindua Washana, ukoo wa wahunzi, na kujenga utawala wa Ugweno katika karne ya 16. Washana wale walifua majembe ya kulimia ulezi, na Wachagga wakawa wateja wao wakubwa wa chuma. Hindi hawakulionja.

Mchagga asishangilie mapema. Ndizi zimetoka kusini-mashariki mwa Asia. Zilifika Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya mahindi, kwa hiyo kwa umri zinashinda, lakini ni ushindi wa mgeni aliyewahi kubisha hodi. Nyanya na viazi mviringo ambavyo siku hizi vinatiwa kwenye machalari, ndizi za Kichagga zinazopikwa na nyama, ni vya Amerika vilevile, kama mahindi ya Mpare.

Kilichowatenganisha majirani hawa ni maji. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kwenye ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, hupata mvua inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, na juu yake kuna msitu unaotiririsha vijito mwaka mzima. Wachagga walivikinga vijito hivyo kwa mifereji, mifongo kama wanavyoiita, wakaileta hadi mlangoni. Mgomba unataka maji namna hiyo. Ukiwa nayo, hauna msimu. Mwezi wowote unaingia kihambani na panga na kutoka na mkungu.

Sasa shuka Same mjini. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600, nayo inakuja kwa mafungu mawili, vuli na masika, na fungu moja likikosekana watu wanajua. Milimani juu, kuelekea msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, hali ni nyingine kabisa, kuna ukungu na baridi. Lakini upande wa magharibi, kuanzia Suji na Vudee kuteremka hadi Makanya, mlima unaikinga mvua na bonde linabaki na jua. Hapo ndipo Wapare walipobuni ndiva, na naona ni haki kukaa juu yake kidogo, kwa sababu bila ndiva sidhani kama makande yangekuwa na jina.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, linalochimbwa mahali mfereji unapopita. Kijito cha kiangazi ni chembamba. Ukikielekeza shambani moja kwa moja, maji yanamezwa na mfereji kabla hayajafika mche wa tatu. Kwa hiyo maji yanaachwa yajae kwenye ndiva usiku kucha. Asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanatoka kwa nguvu na yanafika mbali. Kila mtu ana zamu yake, na anayeiba zamu anashtakiwa. Watu wanaocheka kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku wangefaa wamwone akigombea saa mbili za maji mwezi wa tisa. Ukaidi huohuo ndio uliowakuta Waingereza mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliposhuka Same kukataa kodi ya mbiru.

Maji ya ndiva hayatoshi kulea migomba ya bonde zima. Yanatosha kuokoa mahindi yaliyokwisha kuota na maharage yanayokomaa kwa miezi mitatu. Na mazao haya mawili yana sifa ambayo ndizi haina, yanakauka na kukaa. Mahindi yalitundikwa darini juu ya mafiga, moshi ukayapitia, fukusi wakayaogopa. Maharage yalichanganywa na majivu. Ndizi ikishaiva haikusubiri wiki. Makande ni chungu cha ghala, mtori ni chungu cha shamba, na hapo ndipo kila kabila lilipojifunza kupenda kile lilichoweza kukipata Machi, mwezi ambao ghala nyingi zinaonyesha sakafu.

Karne ya 19 ilizidi kuipa nafaka kavu thamani. Misafara kutoka Pangani na Tanga kwenda Kilimanjaro ilipita kwenye vilima hivi, mingine ikifuata bonde la mto Pangani, mingine upande wa mashariki kupitia Gonja na Kisiwani. Wapagazi walitaka chakula cha kununua na kubeba. Mkungu wa ndizi haubebeki hadi Taveta. Mahindi na maharage vinabebeka.

Kisha wakaja wamisheni. Walutheri wa Leipzig walijikita Shigatini, Usangi, mwaka 1900. Mwaka 1903 Wasabato wa Kijerumani walifungua kituo chao cha kwanza Giti, Upare ya kusini, na kutoka huko dini ikaenea Suji na kwingineko. Hili linahusu chungu kuliko linavyoonekana. Kwa Msabato mapishi ya Sabato humalizwa Ijumaa kabla jua halijazama. Chakula cha familia kubwa kinachoweza kupikwa Ijumaa mchana, kikalala, na kikaliwa Jumamosi baada ya ibada bila kuchacha wala kupoteza utamu ni kipi? Chakula chenyewe hakina nyama, na Wasabato wamekuwa wakihimiza mlo wa mboga na nafaka. Dini haikuleta makande Upareni, lakini iliyakuta na ikayapa siku yake.

Basi makande ya heshima yanapikwaje? Kwanza mahindi yanakobolewa. Unayalowesha kidogo, unayatia kinuni, unatwanga kwa mchi kwa kipimo: ganda litoke, punje isipasuke. Unapeta kwa ungo, pumba zinaenda kwa kuku. Kazi hii ndiyo inayotenganisha makande ya mgeni na makande ya haraka haraka, na siku hizi wengi wananunua mahindi yaliyokobolewa mashineni. Halafu yanawekwa motoni na maharage, kuni mbili zinatosha, maji yanaongezwa yakiwa ya moto. Chumvi inatiwa mwishoni, wapishi wanasema ikiwahi maharage yanagoma kuiva. Mengine ni ya nyumba kwa nyumba: milimani wanatia maziwa, walioko karibu na Tanga wanaweka tui la nazi, mama ntilie wa stendi anakaanga kitunguu na nyanya. Msimu wa mahindi mabichi ukifika hakuna kukoboa wala kungoja; yanaiva upesi na yana utamu wa peke yake, ingawa wazee huyahesabu kama makande ya watoto.

Mtori nao una ufundi wake, nisije nikaambiwa napendelea. Nyama yenye mfupa inachemshwa hadi ilegee, mshare zinatiwa, zikiiva zinasagwa kwa mwiko mpaka supu inakuwa nzito na laini. Mchagga humnywesha mwanamke aliyejifungua, na humpa mgonjwa. Kiburu ndicho chakula ambacho watani wote wawili husahau kukitaja wakibishana, kwa sababu kinaharibu mchezo: ni ndizi zilizopikwa na maharage. Nusu ya chungu cha Mpare imo ndani ya chungu cha Mchagga.

Na ukienda Ugweno mchezo unaharibika zaidi. Wagweno wanahesabiwa Wapare, wako wilaya ya Mwanga ambayo hadi mwaka 1979 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Pare, lakini lugha yao iko karibu na Kichagga na migomba imewazunguka. Waulize wao makande au ndizi. Watakujibu inategemea. Huku chini ya Kilimanjaro nako Wachagga wana mashamba yao ya tambarare, mbali na kihamba, na kilichopandwa huko ni mahindi na maharage. Mpaka wa vyungu hivi unafuata mwinuko wa ardhi kuliko unavyofuata kabila.

Wazungu wenyewe wanalo la kwao. Wafaransa na Waitalia wamebishana karne na karne nani anajua kupika, na ipo hadithi isiyokufa kwamba Catherine de' Medici, binti wa Firenze aliyeolewa Ufaransa mwaka 1533, ndiye aliyewafundisha Wafaransa kupika. Wanahistoria wa chakula wameikataa hadithi hiyo, lakini Waitalia wanaipenda mno, hawawezi kuiacha. Cha kutuchekesha sisi ni kwamba Waitalia wa kusini wanawatania wa kaskazini kwa kuwaita wala polenta, na polenta si kitu ila ugali. Na cassoulet, chungu ambacho Wafaransa wa kusini wanakionea fahari, ni maharage ya Amerika yaliyopikwa taratibu na nyama ya nguruwe au bata. Kwa hiyo Mmarekani wa kale, aliyeanza kulima mahindi na maharage, amewalisha Lombardia, Castelnaudary na Suji.

Polenta ina upande wa huzuni. Wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa unga wa mahindi karibu peke yake walipatwa na pellagra, ugonjwa unaochubua ngozi na kuvuruga akili, uliowatesa tangu karne ya 18. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo ni upungufu wa vitamini ya niasini, ambayo mwili hauipati vizuri kutoka kwenye mahindi matupu. Maharage yanaziba sehemu ya pengo hilo, na protini yake inakamilishana na ya mahindi. Mama wa Kipare aliyechanganya vyote viwili hakuhitaji kuambiwa na daktari.

Sasa, jina baya la makande lilitoka wapi? Si Upareni. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima hii, na kandokando yake mkonge ukaenea, Makanya, Lembeni, Kisangara. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, walilishwa posho ya unga wa mahindi na maharage, kwa sababu ni rahisi na vinakaa ghalani. Shule za bweni zikafuata hesabu hiyohiyo. Mahindi hayakukobolewa, maharage yalikuwa na wadudu, mafuta hayakuwepo, na pipa moja lililisha mamia. Watanzania wa kila kabila, kizazi baada ya kizazi, walikutana na makande kwa mara ya kwanza kwenye foleni na sahani ya plastiki, na wakatoka wakidhani wameyajua. Kenya, ambako makande huitwa githeri, mambo ni yaleyale, githeri ya nyumbani Murang'a na githeri ya shule ni ndugu wasiosalimiana.

Mtori haukupata bahati mbaya hiyo. Hakuna mkuu wa shule mwenye bajeti ya kumenya mshare za wanafunzi mia sita. Ukabaki chakula cha nyumbani, na baadaye ukapanda hadi hoteli za Arusha na Dar es Salaam, ambako bakuli lake lina bei.

Wali umekuja kuwapita wote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Japani ilisaidia kujenga skimu za umwagiliaji, moja Moshi chini na nyingine Ndungu, mashariki mwa wilaya ya Same. Mpunga wa Ndungu, Maore na Kihurio sasa unajulikana masokoni, na kwenye harusi, iwe ya Mpare au ya Mchagga, mgeni rasmi ni pilau. Makande na mtori vyote vimesukumwa vikawa vyakula vya kukumbukia nyumbani.

Niseme basi upande wangu, maana makala ya ubishi isiyo na kura ni woga. Kwa mgonjwa, mzazi na asubuhi ya baridi kali, mtori hauna mpinzani, na Mpare anayekataa hilo anatania. Kwa siku nyingine zote nachagua makande, yaliyokobolewa, ya maziwa, yaliyolala usiku mmoja na kupashwa moto asubuhi hadi yakashika kidogo chini ya sufuria. Mtori uliolala unakuwa gundi.